Sikio la Isihaka

Kuna watu huzaliwa na wivu, na kuna wanaofundishwa. Isihaka wa Chinongwe alijifundisha mwenyewe, wala hakuchukua muda.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa heshima zake. Alichonga mawe ya kusagia, na kuanzia Ruangwa hadi Kiegei hakuna mwanamke aliyejali unga wake asiyelijua jina lake. Wazungu walipofungua mashamba ya karanga Nachingwea, akahamia huko na mkewe, Biasha, kuchonga mawe ya misingi. Ndipo akakutana na Augustino, Mmakonde aliyevuka Ruvuma na tindo moja tu. Isihaka akamfundisha siri ya kazi: jiwe hugongwa kwanza, likasikilizwa. Likilia kama kengele, zima. Likijibu kama chungu chenye ufa, achana nalo.

Augustino akajifunza, kisha akafanya ambalo mwalimu wake hakuwahi kuliwaza: akaanza kutoa sura za watu kwenye mawe. Biasha alikwenda kutazama, akarudi akasema, "Yule mtu ana mkono mzuri." Miaka ishirini ya ndoa Biasha hajausifu mkono wa mumewe, alisaga tu. Neno lile lilimkaa Isihaka kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka hamsini na mbili, karanga zimekwisha kuwashinda Wazungu, padre wa misheni akamwagiza Augustino sanamu ya Bikira Maria. Augustino akapata jiwe refu, akamwita mwalimu wake alisikilize.

Isihaka akagonga. Jiwe likajibu kwa uzito, sauti ikafia ndani.

"Wasemaje, baba?"

"Zima hilo. Chonga."

Augustino naye akagonga, akakunja uso. "Basi sikio langu bado halijakomaa," akasema, akashika tindo.

Miezi mitano Isihaka alipita pale kila Ijumaa baada ya sala, kungoja ufa utokee. Akaona mwanamke akitokea jiweni, mtoto kamfunga mgongoni, anatabasamu kidogo. Wivu ukamkondesha hadi kanzu ikampwaya.

Siku ya kuifunua sanamu, Augustino akasimama mbele ya watu. "Mimi nimechonga tu. Jiwe hili nililitilia shaka, fundi Isihaka akasema ni zima. Likidumu, sifa ni zake." Wanawake wakapiga vigelegele. Biasha akamtazama mumewe kwa fahari ambayo hakuwahi kumwonyesha. Ufa ule sasa ulikuwa wake.

Baadaye alirudi Chinongwe kulima. Lakini kila mvua zikianza hufunga safari hadi misheni, na watu husema mzee anataka kubatizwa. Wapi! Huigonga sanamu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akamwomba Mungu isipasuke. Kisha humtazama yule mama usoni, na wivu humpanda upya, maana Biasha alisema kweli.