Shofaji ya Koko

Juzi Jumamosi nilikuwa uani kwangu hapa Goma, mikono imejaa grisi, nikifungua injini ya pikapu yangu mwenyewe. Jirani akachungulia juu ya ua, akauliza kama bwana wangu amesafiri. Nikamjibu yupo, amelala, na tafadhali asimwamshe. Nilikuwa nabadilisha termosta, kile kijidude cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini na kuamua maji yapite au yasubiri. Nilipolegeza boliti, maji yenye kutu yakanimwagikia mkononi, na harufu yake ikanirudisha moja kwa moja Karuba, nyumbani kwetu, mwaka ule Papa, baba yetu, aliponunua gari lake la kwanza. Basi kaa, rafiki yangu, nikusimulie, maana kazi yenyewe nimeshaimaliza.

Ukisikia watu wanasema Kongo ni joto, ujue hawajalala Karuba. Asubuhi kwetu ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Tulikamua ng'ombe huku vidole vimekufa ganzi, na raha yetu ilikuwa kikombe cha maziwa ya moto na viazi vilivyochomwa majivuni, maganda yake yakitupaka midomo masizi. Koko, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa Papa, alikuwa na kifua kisichopatana na baridi. Jua lisipopanda vizuri hatoki jikoni. Baridi ikimshika, pumzi ilimfunga, na sisi watoto tulikimbilia kuchochea moto hadi imrudie.

Huyo Koko alikuwa na dada yake mkubwa kule Kitshanga. Hawakuwa wameonana tangu kabla sijazaliwa. Barabara ilifungwa na vita, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mwaka ule ikatulia, na kwetu barabara ikitulia unakwenda, husemi kesho. Dada mtu akatuma neno kwa wachuuzi wa ng'ombe: macho yanamwishia, mdogo wake aje angali anaweza kumwona sura. Tangu siku hiyo Koko hakuwa na habari nyingine. Aliosha kitenge chake cha kanisani, akakianika, kisha akakiosha tena.

Ndipo Papa akaleta pikapu. Aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Walikale, kule msituni, nami nikaona kama tumeshafika Kitshanga. Tukamfunika Koko mablanketi, tukaondoka alfajiri, kwa sababu mvua ya mchana ikikukuta kwenye njia ile utalala matopeni. Papa akafungua shofaji, ile ya kupuliza joto ndani ya gari. Ikatupulizia baridi. Kabla hatujaimaliza milima ya Mushaki, Koko alikuwa anatafuta pumzi, midomo imebadilika rangi, na Papa akageuza gari. Koko alilia njia nzima ya kurudi, na kilichomliza hakikuwa kifua.

Nyumbani wanaume wa mtaa wakakusanyika kulizunguka gari, kila mmoja na ugonjwa aliouleta kutoka kwake. Huyu alisema ni feni, yule alisema limerogwa huko msituni. Jirani yetu mmoja, aliyeendesha malori ya barabara ya Walikale hadi akazeeka, na tuliyemwita Papa Shofere, aliwaacha waseme wachoke. Kisha akaomba injini iwashwe, akangoja kidogo, akaushika mpira wa maji wa juu.

"Hii moteri haipati moto," akasema. "Termosta iko wazi siku zote. Maji inapita tu, inapoa. Kule Walikale nani angejua? Kule joto iko hata mu kitanda. Muntu atafungula shofaji ya nini?"

Tulicheka, hata Papa, ambaye ndiye aliyenunua. Alipanda pikipiki hadi Goma akaleta termosta mpya imefungwa kwenye gazeti. Papa Shofere akamwonya asiifunge bila kuipima, kwani vitu vya sokoni havina mwenyewe. Ikikataa kufunguka, injini itaungua katikati ya mlima, na mwenye kifua atabaki njiani na baridi yake. Kupima kwenyewe hakuna uchawi: unaichemsha majini na kuangalia kama inafunguka.

Hapo vita vya sufuria vikaanza. Mama alisimama mlangoni pa jiko, mikono kiunoni. "Sufuria yangu ya bugali? Mutie mule chuma ya gari? Kesho mutakula nini?" Mke wa Papa Shofere alificha za kwake uvunguni kabla hata hajaombwa. Ndoo ilikuwa ya plastiki, na birika lilikuwa la chai ya pasta wa kanisa letu, halikuguswa hata na Papa. Tukabaki tumesimama na termosta mkononi, moto unawaka bure.

Koko akatoka na sufuria yake ya maziwa. Lazima nikueleze hapa. Kwetu wafugaji, chombo cha maziwa ni cha maziwa tu. Ukikitia kitu kingine, wazee wanasema ng'ombe wanakausha maziwa, na sisi watoto tulishachapwa kwa kuchovya humo kijiko chenye chumvi. Sufuria ile Koko aliiosha mwenyewe, akaianika mwenyewe, na hakuna mkwe aliyewahi kuiazima.

"Mama, hiyo iko ya maziwa," Papa akamwambia mama yake kwa sauti ya chini.

"Tia maji," Koko akajibu. "Ng'ombe zitanisamehe. Dada yangu njo yeye alinifundishaka kukamua."

Papa akatia maji, akaiinjika motoni. Termosta ikashushwa ndani kwa uzi, tukainama wote juu ya mvuke, vichwa vikigongana. Maji yakaanza kutoa mapovu, na termosta bado imefunga mdomo. Papa akaanza kujikuna kisogo. Koko alikuwa ameshika ncha ya kitenge kwa mikono miwili. Kisha tukauona mwanya mwembamba, ukapanuka polepole, na aliyepiga kelele wa kwanza alikuwa Mama, yuleyule aliyetunyima sufuria.

Injini ilipopoa, Papa akamwaga maji yake kwenye beseni, akafungua boliti mbili pale mpira wa juu unapoingia. Termosta ya zamani ikatoka imeachama, imeota kutu, haina aibu. Papa Shofere alikwangua mabaki ya gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzuia maji yasivuje, kwa kisu, akakata nyingine kwenye boksi la sabuni kwa mkasi wa Mama, na mkasi nao ukazua maneno yake. Papa kwa furaha akataka kuiweka termosta kichwa chini.

"Resori iangalie moteri!" Papa Shofere akamkemea, akiigonga ile springi yake kwa kidole. "Resori njo inasikia moto!"

Maneno hayo ndiyo shule yangu yote ya ufundi, na mpaka leo sijahitaji nyingine. Maji yakarudishwa, kifuniko kikaachwa wazi ili hewa itoke, injini ikanguruma. Tuliushika mpira wa juu kwa zamu. Ulikuwa baridi, ukaendelea kuwa baridi, kisha ghafla ukawa moto hadi nikauvuta mkono na kuupuliza. Koko akapandishwa kiti cha mbele, akaweka viganja kwenye matundu ya shofaji.

"Eh," akasema. "Hii gari sasa iko inapumua."

Akakataa kushuka. Viazi vyake akaletewa humohumo.

Alfajiri iliyofuata tuliondoka watatu, mimi katikati. Nadhani sijawahi kumwona Papa akiteseka vile. Alivua koti, akavua sweta, jasho linamtiririka, na kila aliponyoosha mkono kupunguza joto, Koko alimpiga kofi mkononi na kuendelea na wimbo wake wa kanisani. Mushaki tukaipita. Kilolirwe tukaipita, ng'ombe wakitutazama kutoka kwenye umande. Koko alikuwa anapumua vizuri kama msichana.

Kitshanga ilitupokea kwa manyunyu. Dada yake alitoka na fimbo yake, akipapasa njia, nasi tukadhani Koko atashuka wakumbatiane. Lakini mlango ulipofunguliwa, joto likampiga yule mama usoni. Akasema "Yesu wangu," akaniambia nishuke, akapanda mwenyewe, akafunga mlango. Kupitia kioo nilimwona akiushika uso wa mdogo wake kwa viganja viwili na kuusogeza karibu kabisa na macho yake. Mwenyeji wetu mmoja akamkumbusha Papa habari ya mafuta yanayoungua bure. Papa akasema, "Acha ingurume."

Pikapu ile iliuzwa. Nyumba ya Karuba inakaliwa na wengine, ng'ombe wamekwisha, barabara ikafungwa tena, na wale kina mama wawili hawakuonana mara nyingine. Kila mmoja amezikwa kwenye mlima wake. Ninawakosa wote, hata ule ukungu. Lakini siku ile nilisimama nje kwenye manyunyu pembeni ya Papa, meno yakigongana, nikiwasikia ndani wakicheka na kukatizana maneno, na sikugonga mlango.