Deni la Mtamba Mmoja

Siku ya kunyolewa, baada ya kumzika baba, tulikuwapo hawa: mimi, wa kwanza wa nyumba, mdogo wangu wa kike aliyenifuata, ndugu yetu, kijana pekee, aliyekuwa bado na meno ya utoto, na kitindamimba wetu, mgongoni mwangu. Alikuwapo baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, aliyefika kwa basi kutoka nyumbani Magharibi. Alikuwapo shangazi na wembe wake. Alikuwapo mzee wa kanisa letu, ambaye zamani alikuwa nyapara wa baba kwenye chai, naye ndiye aliyepewa kiti chenye mgongo. Na karibu na mlango, kama mtu asiyejua kama amealikwa, alisimama jirani yetu Mkipsigis, mkewe nyuma yake.

Nimewataja wote kwa sababu baadaye, kortini, swali la kwanza lilikuwa hilo: nani alikuwapo. Mimi nilikuwa nimewashika kichwani tangu asubuhi. Nilikuwa nikiwatazama mmoja mmoja na kujiuliza nani atanisaidia, na kila mara nilimaliza bila kumpata.

Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye chai ya kampuni, upande wa Kericho. Uhuru ulipokuja akanunua kipande cha shamba huku Kipkelion, akatuhamisha kutoka kwenye nyumba za kampuni. Mama aliugua tukiwa hatujamaliza kung'oa visiki. Nikaacha shule nimwuguze, na alipofariki sikurudi. Baba naye akafuata, kwa kifua. Shamba lilibaki kwa jina lake, na jina lenyewe sasa lilikuwa la marehemu.

Usiku wa kuamkia siku ile, baba mdogo alitueleza mpango wake huku akila. Shamba litauzwa. Kijana atakwenda naye. Mdogo wangu atakwenda kwa shangazi. Kitindamimba atalelewa na jamaa mmoja ambaye sisi hatukuwahi kumwona. Mimi nilikuwa mkubwa, ningeolewa. Alisema bila hasira, kama mtu anayepanga safari na kuhesabu mizigo. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo desturi yetu ilivyokuwa, na korti ilifuata desturi: msichana harithi shamba, na kijana mdogo anashikiwa na ndugu ya babake. Redioni walisema Serikali imeunda tume ya kuzitazama upya sheria za urithi, kwamba watu wanaulizwa maoni. Kwetu hakuna aliyekuja kuuliza. Nilikaa macho nikisikiliza wadogo zangu wakipumua, nikijaribu kukumbuka pumzi ya kila mmoja, kwa maana nilidhani baada ya juma lile sitawasikia tena pamoja.

Kwa watu wetu, siku ya kunyolewa si ya nywele tu. Familia ikinyolewa, mzee anauliza nani aliyekuwa na deni la marehemu, na nani anamdai marehemu. Watu wanasema yote palepale, na atakayejibu madeni ndiye anayehesabiwa amesimama mahali pa marehemu. Baba mdogo alijua hivyo. Alikuwa amevaa koti lake zuri.

Shangazi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha ndugu yangu, pale mzee wa kanisa alipouliza nani anadai. Wembe ukasimama. Halafu jirani yetu akasogea hatua moja.

"Mimi nimekuja juu ya teni," alisema.

Baba mdogo aliwahi kuwa mpishi wa Wazungu kule Nakuru, na Kizungu kilikuwa karibu na ulimi wake daima. Alicheka kwa upole.

"Ten tu, mzee? Kwa ten ungemtuma mtoto." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa noti ya shilingi kumi, akainyoosha juu ya meza mbele ya mzee wa kanisa ili kila mtu aione. "Deni la ndugu yangu nimelijibu mimi."

Jirani aliitazama ile noti. Hakuigusa. Alimtazama mkewe, akaitazama noti tena.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimekua nikimsikia akisema "papa" kwa baba na "ng'ompe" kwa ng'ombe. Kwake b ilikuwa p, na d ilikuwa t. Hakusema kumi. Alisema deni. Na deni lenyewe nililijua pia. Ng'ombe aliyekuwa bandani kwetu hakuwa wetu. Jirani alimweka kwa baba, kama Wakipsigis wanavyoweka ng'ombe kwa rafiki: unamlisha, unamkamua, watoto wanakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe. Mama alipozidiwa, baba aliuza ndama mmoja jike ili ampeleke hospitali, akaapa kumrudishia rafiki yake mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa.

Niliona mkono wa jirani ukiinuka kidogo, labda aichukue noti kwa adabu tu, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya msiba. Akiichukua, yamekwisha. Baba mdogo atakuwa amesimama mahali pa baba kwa shilingi kumi. Nikasimama ghafla, hata mtoto mgongoni akaamka.

"Hakusema kumi," nikasema. "Amesema deni. Ni mtamba. Nitamlipa mimi."

Shangazi aliniambia nikae. Baba mdogo hakunikemea. Aliniambia kama anavyoambiwa mtoto kwamba deni la mwanamume halidaiwi kwa msichana.

"Basi, baba mdogo, nani atadaiwa?" nikamwuliza. "Wewe unao mtamba?"

Hakuwa naye. Kila mtu alijua hakuwa naye. Alisema shamba likiuzwa atapatikana. Jirani akauliza shamba likiuzwa yeye atamfuata nani, na kwa basi gani. Watu wakacheka kidogo, hata mzee wa kanisa, kisha akajikohoza.

Ndipo baba mdogo akauliza lile swali ambalo mimi mwenyewe nililiogopa, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

"Na ukiolewa? Shamba la ndugu yangu liende kwa watu gani?"

"Sitaolewa kabla huyu hajakua," nikasema, nikimwonyesha ndugu yangu, ambaye alikuwa ameketi na nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina nywele, akitutazama kwa zamu.

Jirani alisema, pole pole, kwamba kwao mali ni ya nyumba, si ya mtu mmoja. Shangazi yake yeye hakuolewa. Nyumba ya mama wa shangazi huyo haikuwa na kijana, akabaki akaishika, na hakuna aliyemwita mwizi. Baba mdogo akajibu kwamba hapa kijana yuko. "Yuko," akasema jirani, "lakini leo yuko nusu."

Mzee wa kanisa hakucheka tena. Aliizungusha kofia yake magotini. Kisha akasema hivi: msichana huyu ameshika deni mbele yetu. Anayeshika deni hawezi kufukuzwa mahali pa deni. Kwa hiyo atalishika shamba pamoja na ndugu yake, na watoto hawataondoka, mpaka deni la baba yao liishe. Akamrudishia baba mdogo noti yake.

Baba mdogo aliikunja. "Sawa," alisema. "Likiisha, nitarudi."

Ile "likiisha" niliibeba kwa miaka.

Ili shamba liondolewe jina la marehemu, ilibidi twende kortini Kericho. Hakimu alikuwa kijana, amevaa miwani. Alimwuliza mzee wa kanisa, aliyekuwa ameshaapa kwa Biblia, kama desturi ya watu wetu inamruhusu msichana kushika shamba.

"Inamruhusu," akasema mzee.

"Tangu lini?"

Nilijua hawezi kusema uongo, na nilijua ukweli.

"Tangu siku ya kunyoa," akasema mzee. "Mlituita wazee ili tuwaambie desturi. Hiyo ndiyo desturi. Tuliifanya wenyewe, na walikuwapo watu."

Hakimu aliweka kalamu chini, akasema kwamba kule Nairobi wakubwa wanabishana juu ya jambo hilohilo na hawajamaliza. Kisha akaichukua tena kalamu, akaandika jina langu chini ya jina la ndugu yangu, kama wazee walivyosema, mpaka deni liishe. Nilitembea hadi stendi ya basi nikiogopa kwamba ataniita, aseme amekosea.

Nikaanza kutafuta mtamba. Nilichuma chai kama kibarua, kikapu mgongoni mahali pa mtoto, na mdogo wangu akabaki na nyumba. Nilinunua ndama mdogo katika soko la Roret, nikamlea kwa majani niliyokata kando ya barabara. Alipokomaa nikampeleka kwa jirani, nimemwosha hadi kwato.

Jirani alimzunguka. "Pembe imepinda," akasema. "Mrudishe."

Nililia njiani. Niliona amenigeuka. Nilijua angeweza kumchukua ng'ombe wake siku yoyote, na maziwa yakaisha, kisha watu wakasema msichana ameshindwa. Yule mtamba alizaa kwetu. Ndama wake nikamlea tena, nikahakikisha pembe, nikampeleka. Jirani akasema rangi ile mke wake haipendi. Mkewe alikuwa akiosha kibuyu cha maziwa, akainama, nikaona mabega yake yanatikisika.

Mkewe ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye ua.

"Chepto," akasema, ndivyo wanavyomwita msichana, "unaharakisha nini? Wazee walisema mpaka lini?"

"Mpaka deni liishe."

"Na papa yako mdogo alisema atarudi lini?"

"Likiisha," nikasema. Mama yule alingoja nielewe, halafu akarudi kwenye vibuyu vyake.

Tangu siku hiyo nilipeleka mtamba kila nilipompata, mchana, kwa njia kubwa, ili watu waone sikimbii deni langu. Na kila mara alikuwa na kosa. Mkia mfupi. Macho ya ukali. Mmoja alikataliwa kwa sababu alilia sana. Waliokataliwa wakazaa, na maziwa yao ndiyo yaliyompeleka ndugu yangu shule niliyoiacha mimi. Lakini hofu haikuondoka. Jirani alikuwa akizeeka. Nilihesabu kikohozi chake nikipita kwake, kama nilivyohesabu cha baba.

Kisha redio ikasema Bunge limepitisha sheria mpya, kwamba mtoto ni mtoto, wa kike na wa kiume. Nilimkimbilia mzee wa kanisa. Alikuwa ameisikia pia. Akaniambia imepita lakini haijaanza kutumika. Itangoja hadi waseme ianze. Lini? Hakujua. Juma hilohilo baba mdogo alituma salamu kwa mtu wa basi, na ndani ya salamu alikuwa ameuliza kama deni limeisha.

Nikamjibu kwa mtu yuleyule kwamba bado.

Jirani alifariki msimu wa mvua nyingi. Tulikwenda kuzika, na nikarudi nyumbani nikijua kwamba sasa lazima nipeleke tena, na mbele ya nyumba isiyo na yeye. Nilichagua mtamba mzuri kuliko wote tuliowahi kulea: pembe sawa, rangi ileile ya ng'ombe wao, mpole. Ndugu yangu ndiye aliyemswaga. Alikuwa amenipita kimo na ndevu zimeanza, na hakuna aliyewahi kumweleza chochote.

Mama yule alitoka na nguo zake za msiba. Alimzunguka mtamba polepole, akamshika nundu, akamtazama mdomoni. Mwisho akarudi nyuma hatua mbili.

"Miguu mifupi," akasema.

Ndugu yangu akafungua mdomo. Akasema, mama, hii miguu si mifupi, ni miguu ya kawaida kabisa.

"Wewe ulinyolewa nusu," akamwambia. "Nyamaza. Mrudisheni."

Nikaugeuza uso wa mtamba kuelekea nyumbani. Ndugu yangu alikuja nyuma akinung'unika hadi tulipovuka mto, akiniuliza sasa watu hawa watalipwa lini, na sisi tutamaliza lini.