Aspirini ya Mtu Asiyeumwa

Mkoani hapa nani asiyenijua? Shule niliiachia njiani, nikabeba magunia ya karafuu bandarini, na leo malori yanayoyabeba ni yangu. Kitu kimoja tu kilikuwa kikinitisha: baba yangu alianguka shambani kashika kifua, hakuinuka tena. Basi niliposikia barazani kwamba aspirini ndogo kila siku hulinda moyo, na saratani ya utumbo pia, nikajinunulia. Daktari wa nini?

Asubuhi zile nazitamani mpaka leo. Nikirudi msikitini alfajiri namkuta mke wangu uani, chai ya mchaichai yafuka moshi, kidonge kiganjani mwake.

"Haya, bwana mkubwa, fungua mdomo."

"Miye siumwi, bibi weye."

"Ndo usije ukaumwa. Ukifa nani atanisumbua?"

Tukicheka kama maharusi. Watoto wote washaoa na kuolewa, nyumba kimya, kidonge kile ndicho kilichokuwa kikitukalisha pamoja.

Zikafika siku za suna za hijama, nami kila mwaka huumikwa, damu chafu itoke. Mzee mmoja wa kijiji cha Wambaa, ndiye fundi wangu, akauliza kabla ya kushika wembe:

"Watumia dawa yoyote?"

"Dawa? Na nguvu zangu hizi!"

Kwetu dawa huliwa na mgonjwa. Akachanja, akabandika vikombe. Alipovitoa, damu haikukata. Kitambaa juu ya kitambaa, bado yatiririka. Mke wangu, aliyekuwa kando yangu, akapiga ukelele:

"Mzee, huyu hula aspirini kila siku!"

"Subhanallah! Si nimekuuliza, baba?"

Hospitali walinikandamiza majeraha mpaka ikakata. Daktari, binti wa rika la wanangu, akauliza kama nimewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Nikamwambia sijapata.

"Basi, baba, hii haikuwa dawa yako. Aliyekwisha kuugua moyo huandikiwa, wala asiiache bila kutuuliza. Wewe yaweza kukutoa damu tumboni, hata kichwani. La kutibu ni presha yako, iko juu."

Presha! Miaka yote sijapimwa.

Sasa nameza dawa aliyoniandikia, naitoa mwenyewe kabatini. Mke wangu hataki kuigusa.

"Mkono huu ulitaka kukuua."

Namwambia mkono huo ndio ulionifanya nipende kuishi. Bandari nzima naishinda kwa maneno. Yeye bado hajakubali.