Mashine ya Kumi na Mbili

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, ilikuwa ishirini na tatu, kwa maana meno mapya ya Mzee Gachau yalikuwa yameshamzoea.

Gachau alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika, akizunguka kuangalia mashine zipi zinafuma na zipi zinanguruma bure. Alipostaafu alihamia Kimbo kwa mjukuu wake Wamboi, mwenye jina la marehemu mkewe. Basi akawa anamwita "bibi yangu", mchana peupe, majirani wakisikia.

Wamboi naye alikuwa mtu wa kuangalia mashine, ila zake hazikuonekana. Ni kompyuta za kukodi, ziko mbali huko, unaziwasha na kuzizima kwa mtandao. Alikuwa ameandika skripti, yaani maagizo yaliyomletea kila asubuhi orodha ya zilizowashwa. Siku hiyo zilikuja kumi na mbili. Zenye wenyewe zilikuwa kumi na moja.

"Guka, leo nimeisha," alimwambia babu yake, chai ikipoa. "Nekoye, bosi wangu, anataka hii isiyo na mwenyewe iondolewe kabla ya saa saba. Nikiiacha, siandikwi kazi ya kudumu. Nikifuta kazi ya mtu, pia siandikwi."

"Umeuliza?"

"Kwa grupu ya kazi. Wote kimya."

Gachau akacheka. "Bibi yangu, watu hawasomi. Sisi mashine kama hiyo tulikuwa tunaizima, lakini hatukati uzi. Halafu unasimama hapo hapo. Mwenyewe atakuja mbio, tena na matusi."

Wamboi akamkazia macho. "Kuzima tu, bila kufuta..."

"Zima, mama. Mimi nimalizie chai."

Akazima. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Ilipobaki robo saa tu, simu ikalia. Alikuwa Kyalo, mfanyakazi mwenzake wa ofisi ya Thika.

"Wewe! Nani amezima kitu yangu? Hesabu ya maziwa ya watu imekwama!"

"Ngai! Kumbe ni yako?" Wamboi aliruka mpaka kiti kikaanguka. "Si ungeandika jina, jamani!"

Aliiwasha tena, kila kitu kikawa pale pale, jina la Kyalo likaingia kwenye orodha. Nekoye akatuma kidole gumba. Mwezi uliofuata Wamboi aliandikwa kazi ya kudumu.

Lakini Kyalo alikuwa amesema jambo kabla ya kukata simu: yeye alipoajiriwa, aliikuta mashine hiyo tayari imewashwa. Hilo Gachau hakulimeza. Mpaka leo, kijana yeyote wa kompyuta akipita Kimbo, humkaribisha chai, humwuliza, na kijana hucheka, hunywa, huenda zake:

"Sasa aliyeiwasha mara ya kwanza alikuwa nani?"