Kuni za Mzazi

Mwanangu wa kwanza alilazwa Mbeya kwa ajili ya kifua kabla hajajua hata kukaa. Nilimwona akivuta hewa kwa mbavu, kifua kikilia filimbi, na nesi hakumung'unya maneno: "Mama, ni moshi. Ukimrudisha kwenye jiko lile, utamrudisha hapa." Alipona. Lakini tangu hapo nauchukia moshi kama mtu anavyomchukia mwizi anayemjua kwa sura.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokaribia mwisho na ikaamuliwa nikajifungulie ukweni, kule juu Iringa upande wa Mgololo, nilienda na sufuria ya umeme, ile ya presha. Umeme kijijini ulikuwa umeshafika. Mama mkwe aliizunguka sufuria ile kama mtu anayezunguka nyoka bila kujua kama amekufa kweli.

"Mwanangu, mzazi anakaa na moto," akasema. "Jikoni. Mpaka kitovu cha mtoto kidondoke."

"Mama, mimi na mtoto tutakaa chumbani."

"Na chakula?"

"Kitapikwa humo humo."

Nikajifungua mvulana zahanati, tukarudi nyumbani, nikaweka maharage. Kule kwenye baridi maharage yanakula asubuhi nzima. Presha niliisoma sekondari, nikaichora na mishale yake, nikafaulu swali, na sikuwahi kuiamini. Wifi yangu akataka kufungua mfuniko aongeze maji, kama tufanyavyo siku zote. Nikamchapa mkono. Mvuke ulipofyatuka, yeye na mama mkwe walikuwa wameshafika uani.

Maharage yalipondeka kwa ulimi. Mimi hata sikuyatazama sana. Nilitazama ukuta. Ukuta mweupe uliokuwa nyuma ya sufuria ulibaki mweupe vile vile, na mtoto alikuwa amelala pale pale, kinywa wazi. Nikakaa kitandani kando yake. Jamani, kumbe inawezekana!

Mama mkwe akaonja. "Yameiva," akasema, kama anakiri kosa. "Ila hayana harufu ya nyumbani."

Sasa, kitu nilichokuwa sikijui mimi mgeni ni hiki: kule, moshi wa jiko la mzazi ndiyo habari yake. Majirani wakiuona asubuhi unapenya kwenye bati, wanajua anatunzwa. Wasipouona, wanajua kuni zimeisha.

Kesho yake wakaja. Walitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, mizigo ya kuni za mikaratusi kichwani, shingo zimenyooka. Mmoja alikuwa mjamzito. Mwingine sawa na bibi yangu kwa umri.

"Kamwene!" wakatuamkia kwa lugha yao. "Mbona hamkusema kama mmeishiwa?"

Hawanijui hawa. Nikashukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga," wakacheka, wakatua mizigo. Hatukuwasha, kwa hiyo wakarudi tena na mingine. Kadiri jiko lilivyokaa bila moshi, ndivyo lundo lilivyopanda, mpaka likagusa dirisha langu.

"Wifi, ukimaliza mwezi hapa tutafungua kiwanda cha mbao," wifi akasema.

Nikataka kutoka niwaambie basi. Mama mkwe akanishika kanga. "Kuni za mzazi hazikataliwi. Ukizikataa, umewakataa wao."

Wiki hiyo redio ilikuwa inatangaza mazungumzo ya mataifa kuhusu tabianchi, huko ng'ambo. Eti bado wanabishania ajenda. Halafu hapo hapo redioni akaja mkubwa mmoja wa nchi yetu: nchi inaachana na kuni, nishati safi kwa kila kaya. Nikaigombeza redio kwa sauti. Mnaongea juu ya kuni, mmeshaona shingo ya bibi yule? Mnabishania ajenda, mmeshasikia mtoto akikosa pumzi? Mimi nilivibeba vyote viwili nyumba moja, na sikuona meza yoyote ya mkutano inayovitosha.

Umeme ukakatika. Nishati safi ikakatikia katikati ya sentensi.

Sufuria ikapoa, baridi ikaingia chumbani, mtoto akaanza kupoa mikono. Mama mkwe hakuniuliza. Alimbeba mpaka jikoni, akawasha moto, moshi ukajaa. Nilimfuata nikipiga kelele ambazo mkwe hapigiwi. Na hapo nikaisikia: filimbi nyembamba, ndani ya kifua kidogo. Ile ile ya Mbeya.

"Msikilize! Weka sikio, mama!"

Akaweka. Kilemba chake kikamfunika mtoto uso. Akainuka, akanirudishia mtoto. "Mpeleke chumbani. Funga mlango."

Akachomoa vijinga vya moto kwa mikono yake, akavitupa katikati ya uwanja, upande upepo unakotelemkia bondeni, akawasha moto ambao sijawahi kuuona penye nyumba ya watu. Moshi ulisimama mkubwa kama mti. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Majirani wakaja mikono mitupu, wamefurahi, maana sasa wameuona moshi. Akawapa kazi: chemsha maji, jaza chupa, zungushia kanga, pitisha mlangoni haraka.

Nikazipanga chupa za moto kando ya mtoto, nikalaza sikio kifuani pake. Filimbi ilikuwepo. Nikangoja. Ikawa nyembamba zaidi, ikaanza kufifia. Nje, mama mkwe alikuwa anamfokea mtu mlangoni.

"Wewe, vua hiyo kanga kwanza! Unanuka moshi hivyo, unaingiaje kwa mjukuu wangu?"