Nilimwambia mdogo wangu kwamba wanyama wa kwenye sinema hawafi

Msimamizi wa ukurasa, naomba ulifiche jina langu. Jina la maksai nitakayemtaja pia sitaliandika, kwa kuwa kwetu mwanamume huitwa kwa jina la maksai wake, na nikilitaja, wengi hapa Juba watamjua mdogo wangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane. Nilifundisha Kiswahili nchini Kenya tulipokuwa ukimbizini, na sasa ninaishi hapa Juba, mtaa wa Lemon Gaba. Mdogo wangu hakukimbia. Alibaki na ng'ombe. Hakusoma, na kila jambo la mjini huniuliza mimi. Waliopita darasani kwangu wanajua kwamba sikuuvumilia uongo hata siku moja.

Mwaka huu vijana fulani walikuja kutengeneza filamu kuhusu wizi wa ng'ombe. Wahusika wanazungumza Kiarabu cha Juba, nami niliajiriwa kuandika Kiswahili kinachopita chini ya picha. Walitafuta maksai atakayeanguka kana kwamba amepigwa risasi. Nikawaambia kuhusu yule wa mdogo wangu: mweupe, mwenye pembe ambazo mdogo wangu alizikunja kwa mkono wake tangu maksai akiwa ndama, na ambaye alimpaka majivu kila jioni na kumtungia wimbo.

Mdogo wangu aliniuliza swali moja tu. "Dada, wanyama wa kwenye sinema hufa kweli?"

"Hawafi," nilimjibu. "Ni ujanja wa kamera."

Sikuwa na hakika. Nilijibu kwa sababu sijazoea kusema sijui.

Akaniachia maksai wake, akaenda matangani kwa wakwe zake. Siku iliyofuata wale vijana wa filamu wakamfunga maksai kamba nyembamba kwenye miguu ya mbele. Nikauliza ni ya nini. Mpiga picha, kijana wa Uganda, akasema, "Mama mwalimu, wewe usiogope. Hapa iko mchanga tupu, yeye itaanguka pole pole."

Wakamkimbiza, akaanguka kwa kishindo. Niliusikia mfupa. Alijaribu kusimama mara tatu, akitazama upande niliokuwa nimeketi, kwa kuwa hapo hakumzoea mtu mwingine. Wakamchinja.

Mwongozaji akanishika mkono. "Mwalimu, tukimwambia mzee ukweli, tumekwisha. Sisi ni watoto wako."

Basi nikamwambia mdogo wangu kwamba maksai alikula mifuko ya nailoni, akavimba tumbo. Hapa mjini ng'ombe wengi hufa hivyo, naye aliniamini. Lakini sikufikiri kwamba angejilaumu. "Mimi ndiye niliyemleta kwenye takataka zenu, dada. Nimemuua mwenyewe." Tangu siku hiyo, mtu akimwita kwa jina lile haitiki. Pembe amezifunga kwa kitambaa, ziko chini ya kitanda chake.

Nilipomaliza tafsiri, nilikuta mstari wa mwisho uliotakiwa kuandikwa kwa Kiswahili: Hakuna mnyama aliyedhuriwa katika utengenezaji wa filamu hii. Nikamwambia mwongozaji auondoe. Akacheka. "Mwalimu, sinema zote zinaandika hivyo. Nani anasoma huko mwisho? Watu washasimama, wanatafuta viatu."

Nikauandika. Kwa mkono wangu huu.

Filamu itaonyeshwa Jumamosi katika hoteli moja mtaa wa Thongpiny, na mdogo wangu amealikwa. Nilimsihi mwongozaji akikate kile kipande cha kuanguka; alisema ndicho kizuri kuliko vyote. Ni sekunde chache tu. Wageni watadhani ni ufundi wa kompyuta, lakini mtu aliyekulia malishoni ataiona kamba, na atauona mguu ukivunjika.

Nikimwambia leo, ataacha kujilaumu, lakini huenda nikampoteza ndugu pekee niliyebaki naye. Nikinyamaza, atajionea mwenyewe katikati ya watu, kisha atanigeukia mimi nimsomee maandishi ya mwisho.

Jana alikuja kwangu. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia. Alikuwa ameifua lawo yake, ile shuka ya begani, akaianika kwenye kamba yangu ya nguo. Kwa mara ya kwanza tangu msiba ule nilimwona akitabasamu.

"Nitamwona akitembea tena," alisema. Kisha akaniuliza, kama anavyoniuliza mambo yote ya mjini, "Dada, akitokea, ninaruhusiwa kumwimbia wimbo wake, au kwenye sinema watu hukaa kimya?"

Nilisema chai inafurika, nikaingia jikoni. Leo atarudi kuichukua lawo yake, na atauliza tena. Ninyi mnaosoma haya, nishaurini: nimjibu nini?