Mguu na Pindo Lake

Nilitoka chuoni nikiamini kwa dhati kwamba mashine nyingi zimeundwa kwa dharau. Aliyechora kiti hakumfikiria atakayekikalia, na aliyepanga pedali alijifikiria mwenyewe, na miguu yake mirefu, na kiburi chake. Nilikuwa nikiyasema haya kwa sauti ya mtu anayehutubia umati, ingawa mara nyingi umati wenyewe ulikuwa mama yangu, naye alikuwa akinisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano.

Mama ni mfupi. Katika shule ya udereva mjini Ruiru alifanya mtihani akiwa amekalia mto mmoja na kuegemea mwingine, akafaulu, na tangu siku hiyo leseni yake ilikaa mkobani kama picha ya jamaa aliyehamia ng'ambo: ya kuonyeshwa wageni tu. Hapakuwa na gari la kumtosha, wala gari lolote. Basi jioni moja, nyumbani kwetu Mugutha, nilitangaza kwamba nitamuundia gari kwa mikono yangu, gari litakalomkaa mwilini kama nguo.

"Kama nguo?" Mama aliuliza. Yeye ni fundi wa cherehani, na neno hilo kwake si la kuchezewa. "Haya. Lakini ujue nguo hurudishwa ikikataa."

Mtu mwenye nia njema kama yangu angetafuta kigari kidogo cha kawaida, akasogeza kiti, akamaliza. Mimi nilinunua bodi ya gari kuukuu lililokuwa limeozea kwenye shamba la kahawa, nikatafuta injini kubwa ya pikapu, nikaazimia kuunda gari la aina ile ambayo vijana huiunda nyumbani kwa mapenzi na kelele: boneti hakuna, injini iko nje kama moyo uliokosa adabu, magurudumu ya nyuma mapana, na bodi imeshushwa juu ya chesisi, ile fremu ya chini, hadi gari linaonekana kulala kifudifudi. Nilijiambia kwamba nilifanya hivyo ili kuthibitisha kuwa uzuri na haki vinaweza kusafiri pamoja. Sikumwambia yeyote jinsi nilivyokuwa nikijitazama kwenye vioo vya maduka nikiwa na spana mfukoni.

Kazi tuliifanyia Thika, katika uwanja tuliokodi pembeni mwa Kiandutu, mimi na rafiki niliyesoma naye chuoni. Yeye alishika kazi ya kuchomelea vyuma, na aliniita Prof, si kwa heshima. Alikuwa mcheshi, mwenye haraka, na asiyeamini hotuba zangu hata moja, lakini alipenda kelele za injini ile kuliko mimi, na hilo lilitosha kutufunga pamoja.

Kisha Mama akatangaza lake. Kanisani kwetu, Jumapili ya mavuno, kila familia huleta madhabahuni ilichojaliwa: mahindi, maboga, kuku, ndizi. Katika mkutano wa kina mama alisimama akasema kwamba mwaka huu ataleta ndizi zake kwa gari, na dereva atakuwa yeye mwenyewe. Mwenzake mmoja akamuuliza mbele ya wote, "Na miguu itafika?" Walicheka hadi kiongozi akalazimika kuanzisha wimbo. Mama alinisimulia akicheka pia, lakini sindano aliishika kwa namna ambayo sikuipenda.

Sasa nilikuwa na siku ya kufikia, na bado sikuwa nimefunga pedali. Nilimpigia simu kutoka uwanjani.

"Mama, nipimie mguu wako unitumie."

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wowote. Binadamu ni sawa pande zote."

"Hujawaona wateja wangu," alisema, akakata simu.

Baadaye kidogo ikaja tarakimu, kwa inchi, bila maelezo. Sikuuliza imeanzia wapi na kuishia wapi. Mimi, niliyekuwa nikimsahihisha rafiki yangu kila aliposema "kiti ya gari", sikukumbuka kwamba katika lugha yetu mguu ni kuanzia nyongani hadi kidoleni, na kila mtu hukata kipande anachokihitaji. Niliichukua tarakimu ile kama Maandiko. Nikapima kutoka mgongo wa kiti, nikatia alama, nikamwambia rafiki yangu achomelee pedali hapo.

Alisimama, kinyago cha kuchomelea kikiwa juu ya paji la uso. "Prof, mathe ako na miguu ndefu hivi?"

"Usimpime mwanamke kwa macho," nilimjibu, nikaendelea kumweleza historia ya mashine na unyanyasaji mpaka akashusha kinyago ili asinione.

Jumamosi moja, wiki chache kabla ya mavuno, Mama alikuja kujaribu. Aliingia kwa shida, kwa sababu nilikuwa nimeishusha bodi mno, akaketi, akashika usukani kwa mikono miwili. Miguu yake ikanyooka mbele, ikaning'inia hewani, haikugusa kitu.

"Pedali ziko wapi?"

"Ziko hapo mbele, Mama."

"Mbele wapi? Umeziweka Juja?"

Rafiki yangu alikwenda nyuma ya mapipa, nikamsikia akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Nilimuuliza Mama mguu aliupimaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kupumua. Alikuwa ameupima kama anavyoupima wa kila mteja: amesimama wima, tepu kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo.

"Huo ni mguu wa suruali, Mama!"

"Kwani mguu mwingine ni upi? Na nikaongeza pindo."

"Pindo?"

"Nguo isiyo na pindo ni ya nani? Mtu akirefuka je?"

"Mama, wewe hutarefuka tena."

"Usinifungie milango," alisema.

Tulizikata pedali, tukazisogeza karibu, na hapo ndipo ushuru wa uzuri wangu ulipodaiwa. Kwa kuwa nilikuwa nimeishusha bodi, giaboksi ilikuwa imepanda ndani ya gari kama mgeni aliyeketi katikati ya kitanda. Kadiri nilivyozileta pedali karibu na dereva, ndivyo nundu yake ilivyozidi kunenepa. Klachi, breki na mafuta zilibanana pale chini kama mayai kiotani. Nilizijaribu mwenyewe, peku, kwa ncha za vidole, nikaona zinafaa. Niliandika hata sentensi moja nzuri kuhusu usikivu wa unyayo.

Mama aliporudi alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, vipana, vyenye soli ngumu. Giaboksi ilikuwa huru, bila gia yoyote, injini ikinguruma taratibu, na rafiki yangu alikuwa amesimama mbele akikagua mkanda wa feni.

"Kanyaga breki, Mama."

Akakanyaga. Injini ikapiga mayowe hadi kuku wa jirani wakavuka ukuta. Rafiki yangu aliruka nyuma akaangukia mapipa yake.

"Mathe! Ungenimaliza!"

"Nimekanyaga breki!"

"Umekanyaga breki na petroli na kila kitu!"

Nilizima injini. Hapo nilipaswa kufunga mdomo, lakini nilikuwa msomi, nikaufungua. Nilimshauri Mama kwamba Jumapili ya mavuno avae raba nyembamba.

Alikuwa akitazama viatu vyake. "Mbele ya kina mama wote, na gauni la sare, nivae raba?"

"Ni kwa usalama tu, Mama."

"Haya basi. Utaniendesha wewe. Nitawaambia macho yaliniuma." Akaanza kutafuta mlango kwa mkono, bila hasira hata kidogo, na alishuka polepole akijishikilia, kama mtu anayeshuka kwenye gari la mtu mwingine.

Ingekuwa alinigombeza, ningejitetea. Nilikuwa na hoja za kutosha. Lakini sura ile ya mkono ukitafuta mlango haikuwa na hoja. Nilibaki nikilitazama gari langu lililolala kifudifudi kwa mapozi, nikakiri kwamba nilikuwa nimemwagiza mama yangu abadilishe viatu ili mimi nisibadilishe mchoro.

"Tuinue bodi," nilimwambia rafiki yangu.

"Tukiinua, ile swag yote inaisha."

"Iishe."

"Itakaa kama mbuzi amesimama kwa mvua, Prof."

"Na ikae."

Tuliinua. Nakiri kwamba nililiomboleza gari hilo, na kwamba huzuni yangu ilikuwa kubwa kuliko inavyomstahili mtu mwenye msimamo. Lakini bodi ilipopanda, sakafu ilipanda nayo, nundu ya giaboksi ikatokomea chini, na pale miguuni pakawa ukumbi. Mama alikuja na chaki yake. Tulimwomba akanyage kila mahali panapomjia kirahisi, naye akachora mipaka ya kiatu sakafuni, akaacha nafasi baina ya breki na mafuta ya kupitisha kiganja. Rafiki yangu akachomelea palepale. Mara hii Mama alipokanyaga breki, injini iliendelea kunong'ona kana kwamba haikuguswa. Alikanyaga tena, na tena, hata nikadhani anaisemesha.

Gari halikuwa limekaguliwa wala kusajiliwa, na dhamiri yangu haikuruhusu liguse barabara ya umma. Rafiki yangu alilileta Mugutha juu ya lori, na mchungaji akaturuhusu kupita njia ya ndani ya shamba la kanisa, inayotoka nyuma ya ua wetu. Asubuhi ya mavuno Mama aliingia garini na sare yake na viatu vyake vipana. Mikungu ya ndizi ilijaza kiti cha pili, kwa hiyo mbunifu wa gari alitembea kando yake. Haikuwa taabu. Mama alitia gia ya kwanza na hakuona sababu ya kutafuta nyingine, nami nilikwenda naye sambamba bila kuharakisha, vumbi likipanda kwenye suti yangu.

Kina mama walikuwa langoni wakiimba, watoto wakicheza mbele yao. Walipotuona, wimbo ulipoteza njia. Niliona mguu wa Mama ukiondoka kwenye mafuta. Akakanyaga. Gari likasimama mbali na watoto, bila kelele, ila alisahau klachi, hivyo injini ikatikisika mara moja ikafa, na ndizi zikaporomoka sakafuni.

Yule mwenzake wa mkutanoni alisogea akachungulia. "Kumbe limekuzimikia?"

Mama alifungua mlango, akashuka, akanyoosha kitambaa kichwani.

"Nimefika," alisema. "Liendelee kuwaka linampeleka nani?"

Wakacheka, wakamkumbatia, wakaingia naye wakiimba. Mimi nilibaki nimeinama nusu mwili ndani ya gari, nikizitoa ndizi kati ya pedali.